Kidole Kivivu

Ibra, Jumapili, saa tatu ya asubuhi.
Kiyoyozi kinapuliza kana kwamba sote tutaoza.
Bi Ghaniya anaweka kidole gumba juu ya kioo.
Mashine inawaka nyekundu.
"Tena, mama. Bonyeza."
Nyekundu.
Cha shahada. Cha kati. Cha pete.
Mkono wa pili, gumba tena, nyekundu.
Askari kijana anakifuta kioo kwa ncha ya mkono wa shati,
anadhani uchafu uko pale.

Mimi mkaza mwanawe, nimemshikia mkoba,
najua hakuna uchafu.
Ncha hizo nazikata kucha kila Alhamisi:
laini, kama sahani iliyosuguliwa mpaka maua yakafutika.

Alikuwa na miaka tisa, huko Newala,
baba yake hajawaleta bado.
"Ganda la korosho," aliniambia siku moja,
kama anayemtaja jamaa wasiyesemezana,
"ndani lina sega, na ndani ya sega mafuta,
na mafuta yale hayana dini."
Walizichoma kwenye debe lililotobolewa,
moshi ukawatoa machozi hata mbuzi.
Waliobangua walijipaka majivu viganjani,
na majivu yakiisha walibangua hivyo hivyo.
Ngozi ikaiva, ikawa nyeusi, ikabanduka,
ikaota, ikabanduka,
mpaka ikachoka kuikumbuka
ile michoro aliyokuja nayo duniani.

Na hapa, kila baraza unalokaribishwa,
korosho zimelala juu ya halwa, nyeupe, nusu nusu,
kama ambazo hazijawahi kumchoma mtu.
Daktari naye kamwandikia:
kiganja kimoja kwa siku, zisizo na chumvi,
zinaufaa moyo, ila asizidishe.
Bi Ghaniya alicheka mpaka shela ikamteleza.
"Zilinila vidole. Sasa zinilipe moyo."
Huzihesabu kumi na tano.
Ya kumi na sita ni ya Hamyar, mjukuu,
ambaye haipokei tena bila kuigeuza geuza,
kwani mwaka jana aliing'ata moja mbichi na ganda lake,
kutoka gunia alilotuletea shemeji wa Masasi.
Mdomo ulimvimba, malengelenge yakashuka hadi shingoni,
siku nne akanywa maziwa kwa mrija.
Bi Ghaniya ndiye aliyemwosha, sabuni na maji mengi,
kabla mimi sijazipata funguo za gari,
na njia nzima ya hospitali alinifokea mimi.

Gunia lile hakukubali litupwe.
Alivaa glavu mbili mbili, akajifunga kitambaa puani,
akangoja upepo uelekee jangwani,
akayakamua maganda juu ya moto nyuma ya zizi,
kisha akapaka nguzo, vigogo vya mitende
ambavyo mchwa walikuwa wakivigeuza unga.
Hawajarudi.
"Kilichonila mimi," alisema, "mchwa atakiweza wapi?"

"Mama," askari anauliza, sauti imeshuka,
"ulikuwa ukifanya kazi gani?"
Nafungua mdomo nimjibie. Ananiwahi:
"Nilikuwa nikiipamba halwa yako. Hujazaliwa."

Kimebaki kimoja, cha mwisho, cha mkono wa kushoto.
Anakiweka bila kukitazama.
Kijani.
Askari anapiga meza kwa furaha, foleni inageuka.
Bi Ghaniya anakiinua karibu na macho,
anakikagua kama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.
"Huyu mvivu," anasema. "Nilipobangua
alikuwa amejikunja pembeni, hagusi kitu.
Mama akinichapa kwa ajili yake."

Ndani ya gari amekifumbata
kwa vile tisa vingine.
Hasemi neno mpaka tunafika mzunguko wa soko,
hapo ananigusa bega:
nisimame kwenye duka la dawa,
glavu zimekwisha,
na kuna nguzo tatu hazijapakwa.