Taa ya Chaji

Kwanza nafungua betri, upande wa hasi.
Hilo halina mjadala. Niliona, karakana ya mabasi,
pete ya ndoa ya Steinar ikigusa pasipoguswa:
mpaka leo kidole chake kimevaa pete ya kovu.

Narvik, Januari. Saa sita mchana
na taa za barabarani zinawaka
kana kwamba mtu amesahau kuzizima tangu Novemba.
Jua liliondoka bila kuaga.

Gari ni Volvo ya mwaka sitini na mbili,
jeupe, kiuno chembamba, mapezi mawili nyuma
kama samaki aliyekataa kuwa kitoweo.
Aliyeniuzia ni daktari wa meno wa Bodø,
akiliendesha kiangazi tu, kwa glavu.
Gari la jua hili, alisema.
Nikalipa, nikanyamaza.

Dainamo yake ni mzee mwenye adabu:
akikimbia, ampea thelathini;
akisimama, mifuko mitupu.
Piga hesabu. Taa kuu, tisa. Feni ya hita, saba.
Waipa, nne. Plagi nazo zina haki yao, nne.
Kioo cha nyuma, nyaya za joto nilizoongeza mwenyewe,
kumi na mbili.
Thelathini na sita. Hata mtoto analiona deni,
na deni hili hulipwa na betri,
usiku, mlimani, ukiwa peke yako.

Kwa hiyo alteneta. Nimeing'oa kwenye gari
lililogonga kulungu njia ya Bjerkvik.
Ampea sabini.

Oddvar, jirani, amesimama mlangoni na kikombe chake.
Miaka thelathini na nne aliendesha treni za madini ya chuma;
kwake kila chombo kina desturi zake.
"Gari la zamani lina giza lake," anasema. "Liachie."
Sijibu. Nimeuma waya.

Kisanduku cha rekuleta nimekitoa utumbo,
ganda nikalirudisha palepale na skrubu zake zenye kutu.
Atakayefungua boneti ataona sura aliyoizoea.
Sijui kama huo ni uongo au heshima.

Waya mnene, mwekundu, toka alteneta hadi betri,
mbali na ekzosi, nimeufunga kila shubiri.
Waya mwembamba, wa buluu, hadi dashibodi,
kwa taa ya chaji.
Mkanda naubonyeza kwa gumba: unazama upana wa kidole.
Basi.

Ufunguo. Injini inaitika.
Volti kumi na mbili nukta moja.
Nakanyaga mafuta.
Kumi na mbili kamili.
Zinashuka.

Saa nzima nalisaka kosa kwenye waya mnene,
maana kosa kubwa humstahi fundi.
Oddvar ndiye aliyejikunja chini ya dashibodi, magoti yakilia,
akachomoa balbu ndogo kuliko punje ya hindi,
akaitikisa sikioni.
"Hii imekufa," akasema. "Zamani."

Nilijua, nikasahau: alteneta haijiamshi.
Sabini zake zote zinangoja tone moja
la umeme wa jana, lipite kwenye balbu hiyo,
liigonge begani.
Tajiri haanzi kutoa
mpaka maskini atangulie.

Alikwenda kwake, akarudi na kopo la kahawa
lililojaa vitu visivyo na majina.
Balbu ilikuwa chini kabisa.

Ikawaka, nyekundu.
Injini.
Ikazimika.
Kumi na nne nukta mbili.

Tukasimama tukiitazama taa iliyozimika
kama wengine wanavyotazama iliyowaka.

Kesho, wanasema, jua litachungulia kule Bjørnfjell,
dakika chache tu, kisha lijifiche.
Oddvar anasuuza kikombe ambacho tayari ni safi.
Anauliza kama kiti cha pili kina hita.

Hakina, namwambia.
Lakini sasa tunazo ampea za kukiwekea.