Ukurasa wa Pili

Bi Haugstad aliagiza viti arobaini.
Nilipanga kumi na vinane.
Mwaka wa tisa huu nafungua na kufunga jengo hili la chuo,
hesabu ya usiku wa mashairi naijua:
kiti kitupu kina mdomo,
na anayesoma kwa mara ya kwanza
hukisikia hicho kabla hajasikia watu.

Nje, Yakima, theluji ya Novemba.
Chumba cha pili darasa la uchomeleaji lilikuwa halijaisha;
cheche zikimulika chini ya mlango,
harufu ya chuma kilichoungua ikaingia
ikakaa nasi mstari wa mbele, bila kualikwa.

Walikuja watu kumi na mmoja.
Wawili walikuwa wanasubiri basi.

Alianza Dale Prewitt, fundi nyaya mstaafu,
na shairi la mbwa wake, dakika kumi na saba.
Alilia pale mbwa alipokuwa bado mzima, anakimbiza kungu;
alipofika kwenye kifo, sauti ilikuwa kavu
kama ya mtu anayesoma bili ya maji.
Kisha binti wa Sackett, kwenye simu yake,
mbio mbio, kana kwamba shairi kalikodi kwa saa.

Kisha Ofelia Barrientos.
Ghala la matufaha, zamu ya usiku,
vidole bado vina nta.
Huyu namfahamu kwa korido: kila Jumanne
kabla ya kipindi huegemea ukuta
akinong'oneza kitabu cha kozi
kama mtu anayehesabu chenji jirani na mwizi.

Alisoma habari za kaka yake, Chuy,
aliyekwenda Alaska kwenye viwanda vya samaki
na simu yake ikanyamaza.
Alisoma mama yao anavyoweka sahani ya ziada
na hakuna anayethubutu kuuliza.
Alisoma: usiku mmoja mama akasikia hatua mlangoni,
akainuka, akasema

Akageuza ukurasa.
Hapakuwa na ukurasa.
Akageuza tena, kama mtu anayepekua mfuko
ambao ameshaupekua.
Kipaza sauti kilituletea pumzi yake, basi.
Karakana nayo ikanyamaza, sijui kwa nini.
Bi Haugstad akainua kalamu. Akaishusha.

Ofelia akaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne.
Akasema, bila kumtazama yeyote:
*Akasema, ni upepo.
Akaketi.
Halafu akaiosha ile sahani,
na ilikuwa safi.*

Akashuka.
Hatukujua kama ni wakati wa kupiga makofi.
Basi la saa mbili na nusu likasimama, likapumua, likaondoka.
Wale wawili hawakuinuka.

Saa nne nilikuwa nazima taa za ghorofa ya kwanza.
Mashine ya fotokopi ilikuwa macho, taa yake ya kijani.
Nikainua kifuniko.
Ukurasa wa pili, umelala kifudifudi juu ya kioo.

Nilisoma nimesimama, funguo mkononi.
Humo mama anasema, *Umechelewa, chakula kimepoa.*
Humo Chuy anavua viatu, anacheka, anakula,
anaomba chumvi, anasimulia baridi ya huko
mpaka alfajiri, mistari ishirini na miwili,
na pembeni wino wa mwalimu: *Mwisho mzuri. Usiubadilishe.*

Mimi hata kidato sikumaliza. Sijui
kama aliusahau au aliuacha.
Nilifikiria kuusukuma chini ya mlango wa Bi Haugstad.
Nilifikiria sanduku la vilivyopotea,
pamoja na glovu za mkono mmoja mmoja na miwani.

Mwishowe niliurudisha palepale,
uso chini, pembe kwa pembe,
nikateremsha kifuniko polepole
kama mtu anayemfunikia chakula aliyechelewa.
Mashine sikuizima.