Majibu ya Kisima

Tulikwenda Isenga mwezi Machi, mvua bado haijachoka,
watu kumi na wawili ndani ya gari la chuo,
chupa arobaini zenye lebo, kalamu za wino usiofutika,
na fulana nyeupe zilizotangaza mgongoni
kwamba sisi ni watu kwa ajili ya watu.
Matope yaliyasoma maandishi hayo kabla ya mwenyeji yeyote.

Bi Kalunde alitushikia kamba ya ndoo.
Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza,
"Majibu mtaleta lini?"
Nami, upesi, kama mtu anayelipa nauli kwa noti isiyo yake:
"Wiki mbili, mama."

Wiki mbili zikazaa mwezi, mwezi ukazaa jedwali,
jedwali likazaa grafu ya rangi nne.
Usiku wa manane wa Tabora tuliiwasilisha kwenye skrini
kwa wenzetu wa Lima, jua la alasiri likiwamulika,
na wa Manila waliokuwa wakipiga mswaki.
Msichana mmoja wa Lima alituonyesha kisima cha bibi yake:
floridi ileile, meno yaleyale ya kahawia.
Tukapigiana makofi, mabara matatu,
kwa maji mabaya.

Padri Menezes, mwalimu wetu wa takwimu,
Mgoa anayekitamka Kiswahili kana kwamba kina pilipili,
alinipa themanini na tisa.
Chini ya alama, kwa wino wa kijani:
Nani mwingine ameisoma?

Nilidhani anataka marejeo.
Nikaongeza vitabu vitatu.
Akairudisha. Themanini na tisa. Wino uleule.

Kila jioni chuoni kwetu kengele hugonga mara moja
na watu hukaa kimya dakika kumi na tano.
Hulazimishwi kuwa Mkatoliki; Zuhra hukaa na tasbihi yake,
Ntibona hukaa na usingizi wake.
Unaipepeta siku uliyoishi: hapa shukrani, hapa chuya,
na kama una macho, hapa jiwe.
Jioni ile nilipepeta, nikapepeta,
kikabaki kwenye ungo kiganja cha Bi Kalunde,
na alama ya kamba katikati yake.

Jumamosi nikapanda basi la Sikonge, kisha bodaboda,
kisha miguu yangu, miombo ikinuka moshi wa warina asali.
Watoto wa Isenga bado walicheka wakiziba midomo.

Nikamweleza taratibu, kwa vidole, kwa vijiti:
kisima hiki kina sumu ya meno na mifupa,
kile cha nyuma ya shule ni salama.
Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.
"Kile cha shule," akasema, "mama yangu alikiita cha wanaocheka."

Mlijua?

"Tulijua."

Mbona hamkutuambia?

"Mlikuja na chupa. Hamkuja na swali."

Palepale nikatamani kuirudisha shahada kabla sijaipata.
Lakini yeye alikuwa ameshanyoosha mkono:
"Lete hiyo karatasi. Ina muhuri?
Mdomo wangu nimeupeleka wilayani mara sita,
hauna muhuri. Wanataka kufunga pampu hapa, kwenye hiki kibaya,
kwa sababu kiko karibu na barabara."

Tukaisoma pamoja, mstari kwa mstari.
Alinisahihisha mahali pawili: jina la korongo,
na mwaka kisima kilipochimbwa.

Niliporudi niliongeza jina moja juu ya ripoti,
kabla ya langu: Kalunde Msagata.
Padri hakugusa alama. Hakuandika kitu,
ila kalamu ya kijani aliiacha mezani kwangu
na hakuidai tena.

Wiki iliyofuata ukaja ujumbe kutoka Lima:
Huyu Kalunde ni profesa wa idara gani?

Nikaanza kuandika jibu refu, lenye tanbihi.
Umeme ukakatika.
Gizani nikasikia treni ya Mpanda
ikiachana na ya Kigoma.