Fasibaiti

Kabla ya mechi huokotwa mbigili.
Kumi na watano kwa magoti, mstari mmoja,
kutoka goli la upande wa Mpwapwa hadi goli la barabarani,
kila mtu na kopo lake la Kimbo.
Asiyejaza kopo hachezi.
Ndiyo sheria ya kwanza ya raga, Chilonje Sekondari,
na haimo katika kitabu chochote.

Magoli yetu ni herufi H mbili
za mabomba yaliyoachwa na wazungu wa karanga.
Karanga ziligoma. Mabomba yakabaki.
Ardhi ya Ugogo, mama alisema,
haimfukuzi mtu, humchosha tu.

Mwalimu Jafta alikuja na kambi ya wapigania uhuru.
Wenzake walipanda malori kwenda mbele,
yeye akabaki kwa sababu ya mguu.
Alifundisha jiografia bila ramani,
na jioni, mpira wa umbo la yai la mbuni
alioushona fundi viatu wa Kibaigwa kwa uzi wa magunia.
Alifoka kwa lugha isiyokuwa Kiingereza:
Fati! Losi! Fasibaiti!

Fati, ushike. Losi, uachie.
Fasibaiti hatukuuliza.
Ilipotamkwa, shingo zenyewe ziliinama,
mabega yakatafuta mabega,
Mhandi kushoto kwangu, Lechipya kulia,
mimi katikati nikining'inia kama shati kambani,
na kichwa cha adui kikinukia mafuta ya mgando.

Neno likatoka uwanjani, likaenda mitaani.
Mama alilisema akifyatua matofali.
Mwaka wa njaa, kwenye foleni ya mahindi,
wanawake waliambiana: fasibaiti, mwenzangu,
na karani wa wilaya akaandika katika daftari lake
kwamba ni salamu ya Kigogo.

Usiku mmoja, chemli ikitoa moshi,
tulimuuliza alichezea timu gani.
Akafuta miwani kwa muda mrefu.
Hakuwahi kucheza.
Baba yake alikata nyasi kwenye shule ya serikali,
shule ya Makaburu, matofali mekundu,
majina ya manahodha kwa dhahabu ukutani.
Kila Jumamosi yeye alishika waya wa uzio
mpaka waya ukaacha alama viganjani,
akajifunza mchezo wote kwa macho.
Lugha yao ndiyo aliyonyonyea kwa mama yake,
lakini geti lilijifanya haliielewi
ikitoka kinywani mwake.

Tulinyamaza. Ndahani peke yake akauliza:
Nyasi? Uwanja mzima?
Uwanja mzima, alisema. Hata nyuma ya magoli.

Nchi yao ilipofunguka akaondoka
na sanduku la bati na karanga za kutafuna njiani.
Barua ilikuja moja.
Alikwenda. Geti lilikuwa wazi.
Watoto wa kila rangi walisukumana kwenye skramu,
kocha akalipaza neno lile lile,
"na mguu wangu," aliandika, "ukaanza kutafuta mbigili."
Nyasi zao ni laini mno, akamalizia.
Mtu anaanguka, anainuka, hana cha kuonyesha.

Leo Jumamosi nimekuja na pikipiki ya mkwe.
Goti langu la kulia bado lina changarawe nyeusi chini ya ngozi;
daktari wa mkoa alitaka kuitoa, nikamkatalia.
Mkuu mpya wa shule anasema yale mabomba
yangefaa kushikilia tangi la maji.
Pengine ni kweli. Maji ni maji.
Lakini wavulana wameshapiga magoti,
na siku hizi wasichana pia, kumi na watano wengine,
makopo yanalia kong, kong,
na mmoja mfupi, nambari mbili mgongoni,
shingo nene kama yangu ya zamani,
ameniona nikisimama nje ya kamba kama mgeni.
Hasemi kitu. Anageuka alikokuwa akitazama,
ananirushia kopo tupu,
pasi ya nyuma, sawasawa.

Nimeshuka chini polepole. Goti linalalamika.
Naanza na ile iliyo karibu.