Thelathini na Mbili

Byamungu ameiweka karatasi mezani, kando ya sahani ya sambaza.
Dola mia na ishirini. Siku moja na nusu. Mtihani.
Kisha cheti kitasema naruhusiwa
kupumua hewa iliyokolezwa:
oksijeni thelathini na mbili kwa mia,
badala ya ishirini na moja
tuliyopewa bure siku ya kuzaliwa.

Nimepiga mbizi kumi na moja tu.
Bado navaa mkanda wa risasi
(wa kuzamia, mama, si ule mwingine)
kama mtu aliyeazima suruali ya shemeji.
Dakika ya thelathini mtungi wangu unakauka;
wenzangu wamebaki na nusu,
wananitazama nikipanda kama kizibo.

Nauliza: itanifaa nini?
Anasema: naitrojeni kidogo mwilini,
muda mrefu chini.
Nasema: muda wa nini, kaka, na hewa imekwisha?
Jedwali linanipa dakika hamsini,
mapafu yangu yananipa thelathini.
Ni kumtandikia kitanda cha pili
mgeni asiyelala kwako.

Anacheka, anatema mwiba.
Anasema: jedwali hilo ni la baharini.
Kivu imekaa juu, karibu mita elfu moja na mia tano,
hapa hewa imepungua kabla hujavua viatu.
Ukizama mara tatu kwa siku, utanikumbuka.

Siku hizi nazama mara moja kwa juma,
franka zikiruhusu.

Pembeni, nyuma ya kompresa, umesimama mtungi wa oksijeni.
Naujua umbo lake.
Niliwahi kununua ya namna ile kwa saa,
wodini, kwa ajili ya dada yangu Nsimire.
Saa nne nililipa.
Ya tano nilikuwa bado naitafuta mjini.

Byamungu haijui habari hiyo.
Anaendelea kunieleza
kwamba hata oksijeni, ukishuka nayo kupita kiasi, inageuka,
inakukamata kifafa humo humo majini bila kupiga hodi;
ndiyo maana kila mtungi hupimwa
na yule atakayeupumua, kwa mkono wake,
aandike namba, kina, tarehe, jina.
Hakuna kupimiwa.

Hapo ndipo niliweka uma chini.

Maana mimi ni wa Bulengo.
Kwetu hewa tunaisoma kwa mbuzi.
Asubuhi unamkuta bondeni, macho wazi,
hana jeraha, hana kamba shingoni.
Mazuku.
Hewa nzito imetuama shimoni
kama maji yasiyolowesha.
Mama alitufundisha: penye majani yaliyoungua bila moto
usiiname, hata kama ni kiatu chako kimeanguka.
Shusha kiberiti kwanza.
Kikizimika, kiatu hicho si chako tena.
Hatukupewa cheti. Tulipewa kiberiti.

Basi nimemwambia Byamungu:
pesa yako sina, na nikiwa nayo
nitaila kwenye mbizi ishirini za hewa ya kawaida,
nijifunze kwanza kupumua polepole,
nijifunze kuelea bila kutapatapa kama kuku wa Noeli.
Halafu nitakuja. Karatasi yako itunze.
Ila hicho kipimo, niazime hadi Jumatatu.

Akanitazama sana. Akanipa.

Nikakipeleka nyumbani kwa chukudu, juu ya gunia la makala,
nimekikumbatia kama yai.
Mlangoni: ishirini nukta tisa.
Jikoni kwa mama, kuni zikifuka: ishirini nukta saba.
Nyuma ya choo, juu ya lile bonde
ambalo watoto wa jirani hurukia mpira wao,
nikakifunga kwa kamba, nikakishusha taratibu.

Ishirini.
Kumi na nane.
Kumi na nne.

Mama akauliza inasema nini.
Nikamwambia inasema kama wewe.