Vumbi la Ndani

"Imetembea kidogo tu," muuzaji alimwapia Kaaya.
Magurudumu manne, rangi mpya juu ya kutu.
Ameisukuma toka Ngaramtoni mpaka Sakina kwangu,
yeye na mwanawe, jasho na aibu.

Bei sikuuliza.
Nilichomoa plagi, nikaziba tundu kwa kidole:
piga stata.
Pumzi ikanigusa kinyonge,
kama mgonjwa anayepuliza chai.
Nikamwaga oili. Nyeusi,
na ndani yake chembe za alumini zinameta.
Kisha boksi la fita ya hewa.
Tupu.
Kiangazi kizima mtu kaiendesha hivyo,
ikinusa vumbi la Oldonyosambu kama ugoro.

"Si gasketi tu, fundi?"
Anataka nimdanganye.
Nikamshika mkono, nikaupitisha ukucha wake
kwenye ukuta wa silinda. Ukakwama.
Akanyamaza.

Siku tisa.
Silinda imechongwa upya kwa Ndesario,
pistoni imepanda saizi moja, ringi mpya,
fita nimeilowesha oili mwenyewe.

Ilikohoa mara mbili, ikashika.
Moshi wa buluu, halafu mwepesi, halafu hakuna.

Pistoni ya zamani iko mezani pangu,
imekalia risiti zake
upepo usizichukue.
Nusu bado hajalipa.