Asilimia Themanini na Tatu

Taisto, leo nimeuza mia nne.
Nakuambia mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa watu.

Nje ni digrii ishirini na saba chini ya sifuri.
Ziwa limefumba mdomo,
na lile bomba refu la moshi
limesimama juu ya Sudbury
kama mgeni aliyesahau alichojia.

Mezani pana kikokotoo, miwani yako
(yangu nimeikalia),
na daftari lako la jalada la kijani.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
yako ilikuwa na daftari, ila
daftari lenyewe lilijua neno moja.
Nikeli. Nikeli. Nikeli.
Kila Ijumaa ya pili, miaka thelathini na mmoja,
walikukata mshahara wakakupa kipande cha kampuni,
nawe ukakipokea
kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike.

Kaarina alikuja Krismasi kutoka Winnipeg.
Akapiga hesabu, akanyamaza, akapiga tena.
"Mama, asilimia themanini na tatu
ya ulicho nacho imo katika shimo moja.
Pensheni yatoka huko. Bei ya nyumba hii yatoka huko.
Sasa na akiba nayo?"
Nikamjibu, baba yako naye alikuwa katika shimo hilo hilo
na kila jioni alipanda.
Hakucheka.

Wapo wasemao mshika mbili moja humponyoka.
Labda.
Lakini mshika moja, ikimponyoka,
hubaki ameshika nini?

Mwaka ule wa mgomo, unaukumbuka:
mshahara umekatika, na hisa siku hiyo hiyo
zinateremka ngazi mbili mbili.
Tulikula viazi na samaki wa jirani Vesa
mpaka theluji ikaisha,
na wewe, mgongo umeupa dirisha, ukasema, "Zitarudi."
Zikarudi.
Hilo ndilo lililotuponza.

Lakini kuni, Taisto!
Kuni hukuzifanyia hivyo.
Mwerezi wa kuwashia, msonobari wa kupandisha moto,
ule mti wa gome jeupe wa kukesha nao,
kila aina na rundo lake, kila rundo na paa lake.
"Hii ikilowa, ile itawaka," ulisema,
ukipiga shoka.
Kichwa kile kile. Mikono ile ile.

Kijana wa benki anaitwa Zacharie Quesnel.
Ananieleza kodi polepole, kana kwamba ni kiziwi:
nusu ya faida itahesabiwa kipato,
na faida itapimwa kutoka bei uliyonunulia wewe,
si bei ya siku uliyoniacha.
Bei zako za zamani zimenihamia
pamoja na makoti yako.
Kwa hiyo tunauza kwa kijiko:
kiasi sasa, kiasi mwakani, kiasi mwaka wa tatu
kama nitaufikia.

Nimenunua vitu nisivyovijua sura.
Reli. Ngano. Benki kadhaa. Hati za serikali.
Viwanda vya dawa huko Uswisi,
kampuni mia kadhaa ndani ya mfuko mmoja,
na hakuna hata moja
iliyowahi kukuchafulia shati.

Jumanne hisa za nikeli zikapanda asilimia sita.
Nilicheka peke yangu jikoni,
cheko lako hasa, lile linaloishia kikohozi.

"Na zitakazobaki," akauliza Zacharie,
"mwishoni tuziuze zote?"
Nikasema, acha thelathini na moja.
Akaandika.
Hakuuliza kwa nini; Kaarina angeuliza,
na ningetafuta sababu ya kifedha, na nisingeipata.

Haya, niache sasa.
Sauna imepoa tangu Jumamosi,
na rundo la mwerezi limebaki kiunoni.